Ukurasa wa Malaysia kwenye menyu za Dar: kipi uagize, kipi uulizie kwanza

Migahawa ya Kiasia ya Dar, iwe Masaki, Mikocheni au Upanga, inafanana kwa jambo moja: menyu ni nene kama kaunta buku, na ndani yake Uchina, Thailand, India na Malaysia zimelala kitanda kimoja. Ukurasa wa Malaysia huwa na majina yaleyale: nasi lemak, nasi goreng, satay, rendang, ikan bakar, laksa, char kway teow, roti canai, teh tarik. Tunachopima hapa ni ukurasa huo, si mgahawa fulani, maana vyakula hivi hufaulu na kuharibika kwa sababu zilezile popote vinapopikwa mjini. Kipimo chetu ni chepesi. Sahani inayosimama juu ya nazi, samaki, karanga na mkaa ina kila sababu ya kutoka vizuri Dar, kwa kuwa vitu hivyo viko Feri na Kariakoo kila asubuhi. Inayotegemea majani ya kuja na ndege, au karai lenye moto wa kutisha, hiyo mhoji mhudumu kwanza.

Anza na sambal. Omba kijibakuli kabla hujaagiza chochote kingine. Ni rojo la pilipili linalokaa pembeni ya karibu kila sahani ya Kimalay, na ndilo linalokwambia jikoni kuna nani. Sambal ya kupikwa huanza na pilipili kavu ndefu zilizolowekwa kwenye maji ya moto dakika 15 hadi 20, zikatolewa mbegu. Husagwa pamoja na vitunguu maji, vitunguu saumu na belacan, ambayo kwa lugha yetu ni uduvi uliotiwa chumvi, ukachachushwa, ukapondwa na kuanikwa mpaka ukawa kitofali cha kahawia. Belacan huchomwa kidogo kabla ya kusagwa. Mtaa mzima utajua. Kisha rojo hukaangwa kwa mafuta yasiyo ya ubahili, karibu nusu kikombe kwa pilipili 25, moto mdogo, nusu saa hivi, mwiko hautulii, mpaka mafuta yajitenge na kuelea juu yakiwa mekundu. Wamalay wana jina la hatua hiyo: pecah minyak, yaani mafuta yamepasuka. Ukwaju, sukari na chumvi huingia mwishoni.

Sasa makosa. Sambal ikija nyekundu ya kung'aa kama tomato sosi na kuachia maji kwenye sahani, imeepuliwa mapema; inuse, utakutana na kitunguu kibichi. Kosa la pili ni nyanya ya kopo. Mpishi anajua pilipili kavu ndogo za sokoni zinawaka: akitia 25 wateja watalia machozi, akitia tano rangi haitoki, kwa hiyo anajazia na nyanya. Dawa iko kwenye maduka ya viungo ya Kihindi kule Kisutu: pilipili za Kashmiri, zenye rangi nyingi na ukali wa kiasi. Sambal iliyotengenezwa nazo ina wekundu wa giza, mdomoni inatangulia na utamu, ukali unakuja baadaye kooni. Ukiipata hiyo, funua menyu kwa amani. Ukiletewa ya nyanya, agiza wali wa kukaanga, kula, lipa, nenda zako.

Nasi lemak ni wali wa nazi, na hapa mtu wa Pwani ana haki ya kuwa mkali. Nasi ni wali. Lemak ni ule unono wa tui. Tofauti na wali wa nyumbani ni vipande viwili vya tangawizi na majani ya pandan yaliyofungwa fundo, jamaa ya mkadi wetu wa vikuba, ingawa kwenye pandan kinachonukia ni jani na si ua. Kwa vikombe viwili vya mchele hutosha kikombe kimoja cha tui zito na kimoja na nusu cha maji, na mchele ukiwa mpya punguza maji kidogo, maana haunywi sana. Mpishi akitumia mchele wa Kyela kwa vipimo vya mchele mrefu wa Asia, atakuletea kitu kinachoelekea bokoboko. Punje zinatakiwa ziachane, na ukizibana kwa vidole ziache mafuta kidogo.

Tui la kopo linajulikana. Lina utamu wa bapa usiokuwa na harufu ya nazi mbichi, na wali wake ukipoa unakuwa na utando unaoteleza mdomoni kama mafuta ya kupaka. Katika mji ambao mashine ya sokoni inakuna nazi nzima kwa muda wa kuhesabu chenji, kopo halina udhuru.

Kinachowekwa pembeni ya nasi lemak ndicho kinachoipa uhai: dagaa wa kukaanga, karanga, vipande vya tango, yai la kuchemsha, na sambal. Dagaa wenyewe kwa Kimalay ni ikan bilis, na bahati nzuri ni walewale wa jamii ya dagaa mchele wanaovuliwa kwetu baharini. Dagaa wa Mwanza ni wazuri kwenye mchuzi wa nyanya lakini ni samaki wa ziwani, wa ukoo mwingine kabisa, na wakikaangwa wakavu wanaleta uchungu usiotakiwa hapa. Dagaa wa bahari husuuzwa haraka, hukaushwa vizuri, kisha hutumbukizwa kwenye mafuta ya moto wa wastani dakika mbili au tatu, hadi povu la mafuta litulie. Kutulia kwa povu ndiyo ishara kwamba maji yamekwisha ndani ya dagaa. Ukiwatoa kabla, watalegea kabla hawajafika mezani. Karanga hukaangwa peke yake na maganda yake. Mhudumu aambiwe mapema: dagaa na karanga zikae mbali na sambal, utachanganya mwenyewe. Wapishi wengi humwagia sambal juu ya kila kitu ili sahani ipendeze machoni, na baada ya dakika tano ule mlio wa kutafuna umekufa. Jambo dogo la kujua: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu dagaa wabichi huadimika na bei hupanda. Wakavu wa kukaanga hawaathiriki sana kama jiko lina akiba.

Kwao nasi lemak ni chakula cha asubuhi, kilichofungwa kwenye jani la mgomba. Utamaduni wa kifungua kinywa wa Malaysia, pamoja na roti canai na teh tarik, uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi usioshikika mwaka 2024. Huku kwetu inauzwa kama chakula cha jioni chenye kitambaa cha meza, na bei imevaa kitambaa hichohicho. Ukiongezewa paja la kuku wa kukaanga lenye viungo, sahani moja inawatosha watu wawili wasio na njaa ya shamba.

Rendang ndiyo inayoghushiwa kuliko zote. Asili yake ni Waminangkabau wa Sumatra Magharibi, ambao baadhi yao walihamia Negeri Sembilan huko Malaysia. Si mchuzi. Ni nyama iliyopikwa kwenye tui mpaka tui likaisha, pamoja na mchaichai, tangawizi, galangali (jamaa ya tangawizi), vitunguu, pilipili, jani la mmanjano na majani ya limau purut. Hupitia hatua tatu zenye majina: kwanza gulai, mchuzi mwepesi, halafu kalio, mchuzi mzito wenye mafuta juu, mwisho rendang, pale maji yote yanapokauka, tui linabaki mafuta matupu, na nyama inaanza kukaangika mlemle. Kazi hiyo huchukua saa tatu hadi nne. Wamalaysia huongeza kerisik, yaani nazi iliyokunwa, ikakaangwa pakavu hadi rangi ya kahawa, ikatwangwa mpaka ikatoa mafuta yake yenyewe.

Tatizo la rendang jikoni kwetu ni la malezi. Mpishi wa Pwani amefunzwa kwamba tui likikatika ni aibu, kwa hiyo anakoroga bila kupumzika na kuepua likiwa bado zito na jeupe. Kwenye rendang, tui kukatika ndilo lengo. Asiyeambiwa hilo atakuletea mchuzi mtamu wa nyama ya nazi wenye mchaichai, akauandika rendang. Kipimo ni kuinamisha sahani: kikitiririka kitu kingine zaidi ya mafuta, hiyo ni kalio. Kalio si chakula kibaya, ila usikubali bei ya saa nne kwa kazi ya saa moja. Rangi iwe ya kahawia iliyokolea. Ikiwa ya machungwa, moto ulizimwa mapema. Ikiwa nzito lakini inanata kwenye kaakaa, imekazwa kwa unga au siagi ya karanga. Nyama ya hapa, ya ng'ombe wa kienyeji aliyetembea sana, inafaa kwa kazi hii kuliko steki laini. Vipande vya mraba vya sentimita nne au tano kutoka pajani au begani vitavumilia. Steki itasambaratika kabla tui halijakauka. Uliza imepikwa lini. Jibu la "jana" lisikutishe, maana ikilala imeiva zaidi.

Na ikiwa ya kuku, usitegemee ngozi ikauke. Mwaka 2018 jaji wa mashindano ya upishi ya televisheni huko Uingereza alilalamika kwamba ngozi ya kuku wa rendang haikuwa kavu ya kutafunika, na Malaysia nzima ilimgeukia mtandaoni, Waziri Mkuu wao wa wakati ule akiwemo.

Satay ni oda ya salama ukiwa na wageni wasiojua wanataka nini, kwa sababu kila mtu Dar ameshakula binamu yake. Lakini usiihukumu kwa sheria za mishkaki. Vipande ni vidogo, sentimita mbili hivi, vikiwa vimelala saa nne au zaidi kwenye manjano, mchaichai uliosagwa, giligilani, bizari nyembamba, chumvi na sukari isiyo haba. Sukari ndiyo inayounguza pembe za nyama zikawa nyeusi kwa utamu. Hakuna papai bichi. Ukikuta nyama imelegea kama imeshatafunwa, mpishi ameleta ujuzi wa mishkaki mahali pasipohusika. Juu ya mkaa hupakwa mafuta kwa shina la mchaichai lililopondwa ncha kama brashi. Ukiuliza wanachoma kwa nini na ukajibiwa "oveni", achana nayo.

Rojo la karanga ndilo linalotenganisha jiko zuri na la mkato. Karanga hukaangwa, hutwangwa ziwe chengachenga, kisha hupikwa na rojo la pilipili, mchaichai, ukwaju na sukari mpaka mafuta mekundu yaelee. Liwe na vipande vya kutafuna. Likija laini kama uji, tamu, rangi moja, hilo limetoka kwenye chupa ya siagi ya karanga likaongezwa maji. Nchi inayolima karanga kama yetu haistahili kufanyiwa hivyo. Pembeni kuwe na tango, kitunguu kibichi na vipande vya wali ulioshindiliwa, ketupat. Vipande hivyo si pambo. Ni vya kuchovya.

Ikan bakar, samaki wa kuchoma, ndiyo sahani ambayo Dar inaweza kushindana na mji wowote wa Malaysia bila aibu. Samaki mzima wa gramu 600 hadi 800 anachanjwa mara tatu kila ubavu, anapakwa sambal, anafungwa kwenye jani la mgomba na kuwekwa juu ya mkaa au bamba la chuma. Changu na tasi wanafaa sana kwa ukubwa huo. Kolekole aje vipande. Jodari ni mtamu lakini anakauka upesi, hivyo mwambie mpishi asimpitilize. Kosa la kawaida ni samaki mkubwa mno: sukari iliyomo kwenye sambal inaungua nje huku nyama iliyoshikana na uti bado ina damu. Jani lipo kuzuia hilo hasa, kwa hiyo samaki aliyechomwa bila jani kisha akalazwa juu ya jani bichi kwa ajili ya picha ni mchezo wa kuigiza. Achana na limau pekee, dai air asam, maji ya ukwaju yenye kitunguu, pilipili mbichi na belacan kidogo. Uliza samaki ameingia lini, na wakati wa kusi kali, bahari ikichafuka, tarajia bei kupanda na chaguo kupungua.

Roti canai inachanganywa na chapati, nayo inaumia kwa hilo. Unga wake ni laini mno, hugawanywa madonge yanayopakwa samli au mafuta na kulazwa saa kadhaa, kisha hurushwa na kutandazwa juu ya meza mpaka uone rangi ya meza kupitia unga. Hukunjwa, hukaangwa juu ya bamba, na ikitoka hupigwa makofi kutoka pande mbili ili tabaka ziachane. Chapati ya kusukuma haiwezi kufika huko kwa sababu mpini unabana kile ambacho kurusha kunafungua. Ikija duara kamili, unene sawa, ukingo mgumu, imetoka kwenye friza ya supamaketi. Hakuna dhambi, ila usiilipe kama ya mkono. Iagize mahali ambapo unamwona mtu akiirusha, na ile papo hapo na mchuzi wa dengu.

Teh tarik, chai ya kuvutwa, ni majani makali ya unga na maziwa mazito ya kopo yenye sukari, ikimwagwa kutoka kikombe kimoja kwenda kingine kwa umbali wa mkono mzima, mara tano sita, mpaka itoe povu zito. Haina iliki. Yenye tangawizi ina jina lake, teh halia. Chai ya Mufindi na Rungwe, ile ya chengachenga inayotoa rangi haraka, inafaa kabisa. Kifuko kimoja cha chai ndani ya maziwa ya boksi hakifai. Sema "kurang manis" ukitaka sukari kidogo, na mpishi wa kweli atakutazama mara mbili.

Sasa upande wa karai. Char kway teow ni tambi pana za mchele zenye kamba, yai, kombe na chipukizi za maharage, na kiungo chake kikuu ni moto. Karai linatakiwa litoe moshi kabla ya kutia chochote, na hupikwa sahani moja au mbili kwa mkupuo. Ukitia nne, joto linashuka, tambi zinaachia maji na unapata kitu cha kuchemka chenye sosi ya soya. Kwa hiyo meza yenu ikiwa na watu sita walioagiza hiyo na zote zikatoka kwa pamoja, mmeshajua. Iagize mchana jiko likiwa tulivu. Tambi kavu zilizolowekwa kupita kiasi hukatika vipande vifupi. Nzuri zinainuka na uma zikiwa ndefu. Nasi goreng haina mashaka mengi, mradi wali uwe wa jana.

Laksa, supu ya tambi, ziko mbili na menyu nyingi hazisemi ni ipi. Ya tui, laksa ya kari, inawezekana vizuri hapa. Asam laksa ya Penang, yenye samaki na uchachu, inadai daun kesum, jani lenye harufu kali, na bunga kantan, ua la jamaa ya tangawizi. Kama jiko halina hivyo viwili, utakunywa supu ya samaki na ukwaju. Supu nzuri, jina siyo.

Kwa Waislamu: Malaysia ni nchi ya Waislamu wengi, lakini hilo halihalalishi kila kilichoandikwa kwenye ukurasa wake. Char kway teow ya asili ya Kichina hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe na kutiwa soseji ya nguruwe. Bak kut teh ni mbavu za nguruwe tangu jina. Na majiko mengi ya Kichina hutia divai ya mchele kwenye nyama. Maswali ni matatu: mafuta gani, soseji gani, na karai hilohilo linapika nguruwe? Cheti cha halali cha BAKWATA kikiwa ukutani, soma tarehe yake. Kwa wasiokula nyama, mtego ni belacan: imo kwenye sambal, kwenye mboga za majani za kukaanga, hata kwenye laksa iliyoandikwa "ya mboga". Wenye mzio wa karanga au kamba wasitegemee kauli ya mhudumu, aitwe mpishi.

Ukimaliza na cendol, kitamutamu baridi cha vijitambi vya kijani kwenye tui na sukari, tui liwe bichi lenye chumvi kidogo sana. Sukari ya mnazi ya Melaka ikikosekana, sukari guru ni mbadala wa heshima. Sharubati ya kijani ya chupa sio.

Bili: angalia chini ya menyu kama bei zimejumuisha VAT, na dai risiti ya EFD. Ukiagiza kwa bodaboda, rendang na satay zinavumilia foleni ya Ali Hassan Mwinyi bila kulalamika. Roti inafika ngozi, char kway teow inafika donge. Nasi lemak inasafiri vizuri kwa sharti moja: sambal iwe kwenye kikopo chake chenye kifuniko cha kubana, na dagaa kwenye karatasi, si kwenye mfuko wa plastiki, maana mvuke wao wenyewe unawalegeza kabla hujavuka Selander.